Joto Lipite Wapi?

Mnamo tarehe 12 Februari 2025, katika kituo cha utafiti cha Cadarache kusini mwa Ufaransa, wanasayansi walifanikiwa kuishikilia plazma ndani ya mtambo uitwao WEST kwa sekunde 1,337, yaani dakika 22 na ushei. Habari hiyo niliipeleka darasani kwa shauku. Niliwaeleza wanafunzi wangu namna gesi ya hidrojeni inavyopashwa joto hadi kufikia makumi ya mamilioni ya nyuzi, hadi inaacha kuwa gesi, na namna sumaku zenye nguvu zinavyoizuia isiguse kuta za chombo chake. Nilichora ubaoni, nikafuta, nikachora tena. Nilipomaliza, binti mmoja aliyekuwa ameketi mstari wa nyuma akainua mkono.

"Samahani, Mwalimu. Umetueleza moto unavyowashwa na unavyofungiwa. Joto lenyewe linapitia wapi kutoka?"

Nilimjibu kwa sentensi mbili, kengele ikatuokoa sote. Lakini jioni ile niliona aibu, kwa kuwa swali lile halikuwa geni kwangu. Niliulizwa karibu miaka thelathini iliyopita na mama yangu mzazi, nyumbani Ngulyati, mbele ya jiko lililokwisha kuteketea.

Ilikuwa mwaka 1996. Bariadi bado ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ungezaliwa miaka kumi na sita baadaye. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, nimerudi kwa likizo ya mwezi Juni, wakati pamba inavunwa na kila mwenye mikono yuko shambani. Mama alipika katika kijumba cha udongo kilichoezekwa kwa nyasi, juu ya mafiga matatu, na moshi ulikuwa mzito kiasi kwamba aliyekaa mlangoni hakumwona aliyekaa ukutani. Macho yake yalikuwa mekundu mwaka mzima. Nilikuwa nimesoma kijitabu kuhusu majiko sanifu, na kwa kiburi cha kijana aliyefaulu mitihani ya fizikia nikaamua kumaliza tatizo lile kwa wiki moja.

Nililifinyanga jiko la udongo lililofungwa pande zote, lenye sehemu mbili za kukalia vyungu na mlango mmoja mdogo wa kuni. Fundi wa mabati pale Bariadi mjini alinikunjia bomba la bati, nikalipitisha kutoka nyuma ya jiko, kupitia kwenye nyasi za paa, hadi nje. Siku ya kwanza moto ulivuta kwa nguvu mpaka ukavuma. Moshi ukatoweka jikoni. Kuni za miti ya pamba zilizotosha siku moja sasa zilitosha siku mbili. Majirani walikuja kutazama, na mama aliwaonyesha jiko kama mtu anayemwonyesha mjukuu.

Furaha hiyo ilidumu siku tisa. Jioni ya siku ya kumi kulikuwa na wageni waliokuja kusaidia kuvuna, na ugali wa mtama ulihitajika mwingi. Mama akaongeza kuni, kisha akaongeza nyingine. Pale bomba lilipopenya paa, bati likawa jekundu. Nyasi zilianza kwa kutoa moshi mwembamba ambao hakuna aliyeujali, kisha zikashika moto zote kwa pamoja. Kila mtu alitoka. Mama alitoka, kisha akarudi ndani. Juu ya mafiga ya zamani, kwenye fito za dari, alikuwa ametundika mbegu za msimu uliokuwa unakuja: masuke ya mtama na mahindi yaliyofungwa kwa maganda yake. Miaka yote mbegu hizo zilihifadhiwa na moshi uleule nilioufukuza, kwa sababu moshi huwazuia fukusi. Alitoka na mbegu kifuani, na mkono wake wa kulia ulikuwa umeungua kutoka kiganja hadi kiwiko. Kovu hilo analo hadi leo.

Siku tatu baadaye, mkono ukiwa umefungwa bendeji, aliniita nikae karibu naye. Hakunigombeza. Alisema kwa Kisukuma maneno ambayo kwa Kiswahili yanakuwa hivi: "Mwanangu, moto umeujengea nyumba nzuri. Joto lake ulilipa njia gani ya kutokea?"

Ndugu msomaji, nakiandika kisa hiki kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kumlipa mwanafunzi wangu jibu ninalodaiwa. Ya pili ni kwamba, kadiri nilivyoliandaa jibu hilo, ndivyo nilivyoona kwamba swali lake linavihusu pia vitu vingi tunavyovipanga katika nchi hii, kuanzia bei ya pamba hadi mtungi wa gesi.

Nianze na jibu lenyewe. Nguvu ya myeyungano wa nyuklia ndiyo inayoliwasha jua: viini vya atomi nyepesi vinaunganishwa na kuwa kiini kizito zaidi, na katika kuungana huko nishati kubwa hutoka. Kwa vinu vinavyotarajiwa hapa duniani, mafuta yanayofaa zaidi ni aina mbili za hidrojeni, deuteriamu na tritiamu. Vikiungana, vinazaa vitu viwili. Cha kwanza ni nyutroni, inayobeba asilimia 80 ya nishati. Kwa kuwa haina chaji, sumaku haziwezi kuizuia, hivyo hupenya hadi kwenye ukuta mnene, na joto lake ndilo litakalochemsha maji ya kuzungusha mitambo ya umeme. Cha pili ni kiini cha heliamu, kinachobeba asilimia 20 iliyobaki. Hicho kina chaji, kwa hiyo kinabaki ndani, kinaupasha moto joto usizimike, na kikishapoa kinageuka kuwa jivu. Jivu hilo lisipoondolewa litausonga moto kama majivu yanavyousonga mkaa. Na joto lililobaki ndani, likishatimiza kazi yake, lazima litoke.

Tuchukue mfano wa mtambo wa ITER, unaojengwa hapohapo Cadarache kwa ushirikiano wa Umoja wa Ulaya, China, India, Japani, Korea Kusini, Urusi na Marekani, chini ya mkataba uliotiwa saini Novemba 2006. Umekusudiwa kutoa megawati 500 za myeyungano kwa kupashwa moto na megawati 50 kutoka nje. Megawati 400 zinaondoka na nyutroni. Zinabaki megawati 100 za heliamu. Ukijumlisha na zile 50 za kupashia, ni megawati 150 za joto ambazo hazina budi kutolewa kwenye plazma mfululizo. Ili msomaji apate picha, kila mtambo mmoja kati ya mitambo tisa ya Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji una uwezo wa megawati 235.

Ugumu haumo katika megawati 150 zenyewe. Kama zingesambaa sawasawa kwenye kuta zote, mabomba ya maji yangezipoza bila shida kubwa. Ugumu ni kwamba chaji zinapovuja kutoka katikati ya plazma hufuata mistari ya sumaku, na mistari hiyo huzikusanya katika utepe mwembamba wenye upana wa milimita chache tu. Utepe huo unaelekezwa chini ya mtambo, mahali ambapo mafundi wamepaita daivata. Hapo ndipo dohani ya mtambo ilipo, na hapohapo ndipo pa kuzolea majivu. Mabamba ya daivata ya ITER yamesanifiwa kupokea megawati 10 kwa kila mita moja ya mraba kwa muda mrefu, na hadi 20 kwa vipindi vifupi.

Namba hiyo niliitafutia mfano wa nyumbani. Jua la saa sita mchana, kukiwa hakuna wingu, hudondosha takriban kilowati moja kwenye kila mita ya mraba. Hekta moja ina mita za mraba 10,000. Kwa hiyo megawati 10 ni joto lote la jua kali la mchana linaloanguka juu ya hekta nzima ya pamba, yaani eka mbili na nusu, likakusanywa na kumwagwa juu ya kipande cha ardhi ambacho mama angekitandikia mkeka wa kuanikia michembe. Na si kwa dakika moja: kinu cha kibiashara kitatakiwa kulipokea joto la namna hiyo usiku na mchana, kwa miezi.

Madini yaliyochaguliwa kusimama mahali hapo ni wolframu, ambayo wengine huiita tungsteni. Hakuna metali nyingine inayostahimili joto zaidi yake. Huyeyuka kwenye nyuzi 3,422 za selisiasi. Vipande vyake hushikamanishwa na mabomba ya aloi ya shaba yanayopitisha maji. Lakini hata wolframu ina kikomo. Kwa hiyo swali ambalo wahandisi wamelihangaikia kwa miongo kadhaa ni namna ya kuhakikisha kwamba bamba halifikiwi na joto lote. Hilo la kutafuta bamba gumu zaidi ni sehemu ndogo tu ya kazi.

Njia walizozipata ni za aina tatu, na kila moja ina mantiki ambayo mpishi yeyote angeielewa. Ya kwanza ni kulitawanya joto. Mistari ya sumaku inafunguliwa kama kipepeo cha mkono, na mabamba yanalazwa kwa mshazari ili utepe uleule uangukie eneo kubwa zaidi. Katika mtambo wa MAST Upgrade, uliopo Culham nchini Uingereza, wahandisi waliirefusha njia ya kutokea na kuipeleka mbali zaidi na katikati kabla haijagusa bamba. Mwaka 2021 walitangaza kwamba joto lililofika kwenye bamba lilipungua angalau mara kumi.

Ya pili ni kulipunguza joto njiani. Kiasi kidogo cha gesi kama neoni au naitrojeni hupulizwa karibu na daivata. Chembe zake hulinyonya joto la plazma na kulitoa kama mwanga unaosambaa pande zote, hivyo ukuta mzima unashiriki kuubeba mzigo ambao ungeliangukia bamba moja. Ikifanyika vizuri, hujitokeza tabaka la gesi iliyopoa mbele ya bamba, mithili ya godoro, na plazma haikigusi tena chuma moja kwa moja. Lakini njia hii inadai kiasi. Gesi hiyo ikizidi na kupenya hadi katikati, moto wenyewe unapoa na kuzimika, kama mtu aliyetaka kupunguza makali ya moto akazimwagia kuni maji.

Ya tatu ni kukubali tangu mwanzo kwamba bamba litachakaa. Daivata ya ITER imegawanywa katika sehemu 54, kila moja ikiwa na uzito wa takriban tani kumi, na zote zimeundwa ili ziweze kutolewa na kubadilishwa na roboti. Hakuna anayetarajia kwamba kipande kinachosimama kwenye joto kali kiasi hicho kitadumu maisha yote ya mtambo. Kimehesabiwa, kimepimwa, na siku ya kukipumzisha imepangwa kabla hakijaanza kazi.

Hiyo ndiyo fizikia yenyewe. Sasa niseme jambo lililonifariji kwa namna ya pekee. Mwezi Novemba 2022 uongozi wa ITER ulitangaza kwamba zimeonekana nyufa kwenye mabomba ya kupozea ya ngao za joto, ngao zinazozilinda sumaku zenye ubaridi wa nyuzi 269 chini ya sifuri, na kwamba baadhi ya vipande vya chombo kikuu havikulingana vipimo. Kazi ya kuunganisha ikasimamishwa, vilivyokwisha kufungwa vikafunguliwa. Julai 2024 wakatangaza ratiba mpya: majaribio ya kwanza yataanza mwaka 2034, na kazi ya deuteriamu na tritiamu mwaka 2039, pamoja na gharama za ziada za takriban euro bilioni tano. Mradi mkubwa kuliko yote ya aina yake ulikwamia kwenye bomba, kama mimi. Tofauti ni kwamba wao waliyafungua mabomba yao kabla nyasi hazijawaka, na wakalitangaza kosa lao hadharani ilhali walijua kwamba magazeti yangewacheka.

Nimekaa katika kamati nyingi za umma kiasi cha kujua uzito wa jambo hilo. Kwetu, afisa anayeandika kwenye ripoti kwamba bomba lina ufa hukumbukwa kama mtu aliyeuchelewesha mradi. Anayenyamaza hupandishwa cheo, na ufa unarithiwa na ofisi inayofuata.

Msomaji anaweza kuuliza: haya ya wolframu na plazma yanatuhusu nini sisi, ambao wengi wetu bado tunapikia kuni? Katika orodha ya wanachama wa ITER hakuna nchi hata moja ya Afrika. Hata hivyo tumo katika habari hii kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya ardhini. China ndiyo inayozalisha sehemu kubwa kabisa ya wolframu ya dunia, lakini wolframu inachimbwa pia hapa jirani. Mgodi wa Nyakabingo nchini Rwanda ni miongoni mwa migodi mikubwa ya madini hayo barani Afrika, na mashariki mwa Kongo wachimbaji wadogo huyachimba kwa sururu na mitaimbo. Wolframu ni mojawapo ya madini manne yaliyotajwa katika sheria ya Marekani ya mwaka 2010 kuhusu madini ya maeneo ya vita, pamoja na bati, tantalamu na dhahabu. Vinu vya myeyungano vikifanikiwa, mahitaji ya metali hii yataongezeka, na ukanda wetu utaitwa mezani kama shimo la kuchimbwa. Nani kati yetu atakuwa ameandaliwa kuketi upande mwingine wa meza?

Njia ya pili ni ya zamani zaidi. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science utafiti walioufanya ng'ambo ya Ziwa Viktoria, Kagera, ambako wazee wa Kihaya waliijenga upya tanuri ya kuyeyushia chuma kama walivyoiona ikijengwa ujanani mwao. Shimo la tanuri lilikandikwa kwa udongo wa kichuguu, unaovumilia moto kuliko udongo wa kawaida. Mirija ya udongo ya kupulizia hewa iliingizwa ndani kabisa ya tanuri, na ncha zake ziliyeyuka na kuliwa na moto. Wafua chuma wale walijua kwamba mirija ingeharibika, wakaifinyanga wakiwa na hesabu hiyo. Basi maarifa ya kuandaa kitu kitakachosimama kwenye moto mkali, na kukipangia mwisho wake, hayakuletwa kwetu na meli. Tuliyaacha yazeeke na wenye nayo.

Nilipojenga jiko la pili kule Ngulyati, mzee mmoja jirani yetu alinituma nikalete udongo wa kichuguu. Tukakifunika kipande cha bomba kinachopita paani kwa tabaka nene la udongo huo, upana wa shibiri moja kila upande, na nyasi tukazikata zikae mbali nalo. Mama akaniagiza niache tundu dogo la kupitishia moshi kidogo kuelekea kwenye fito za mbegu. Jiko hilo lilidumu miaka kumi na moja.

Sasa niligeukie lile swali kwa upande wa siasa. Kila mpango mkubwa huzalisha joto, yaani gharama na hasara na usumbufu ambao haukukusudiwa na ambao lazima utue mahali fulani. Wapangaji wetu, kama mimi mwaka 1996, hutazama moto unavyovuma. Ukisoma nyaraka zao utakuta malengo, viashiria na picha za wananchi wanaotabasamu. Ni nadra kukuta ukurasa unaosema joto litakalobaki litampitia nani.

Wakulima wa Simiyu, mkoa unaoongoza kwa kilimo cha pamba nchini, wanalijua jambo hili bila kuhitaji fizikia. Msimu wa mwaka 2019 bei elekezi ilitangazwa kuwa shilingi 1,200 kwa kilo. Bei ya dunia ikashuka. Wanunuzi wakasita. Nia ya kumlinda mkulima ilikuwa njema, kama nia yangu ya kuyalinda macho ya mama, lakini hasara iliyotokana na tofauti ya bei mbili haikutengenezewa njia. Haikutawanywa kati ya serikali, mabenki, wanunuzi na vyama vya ushirika, wala haikupunguzwa njiani kwa mfuko wowote wa kufidia bei. Ilishuka kwa utepe mwembamba hadi kwa mkulima aliyekwisha kupeleka pamba yake AMCOS, akakaa wiki na miezi akingoja malipo huku ada za shule hazingoji. Yeye ndiye aliyekuwa bamba la wolframu, ila bila bomba la maji nyuma yake na bila siku iliyopangwa ya kupumzishwa.

Wahenga walikwisha kutuonya kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyeko ofisini huona pamba, aliyeko shambani hubeba uzito.

Mfano wa pili unanigusa zaidi. Tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Siku sita baadaye alikuwa mmoja wa wenyeviti wenza wa mkutano wa kimataifa mjini Paris kuhusu nishati safi ya kupikia barani Afrika, uliotoa ahadi za dola bilioni 2.2. Mwanzoni mwa mwezi huohuo, kusini mwa nchi hiyohiyo, habari zilikuwa zimetangazwa kwamba WEST imeishikilia plazma kwa dakika sita. Majiko mawili ya karne hii yalizungumziwa katika nchi moja ndani ya wiki mbili, na binafsi siamini kwamba jiko la mama ni jambo dogo kuliko lile la Cadarache. Ninauunga mkono mkakati huo. Mtu aliyekulia kwenye moshi hawezi kuupinga.

Lakini ninauliza kama mama alivyoniuliza. Miaka mitatu iliyopita nilimnunulia mtungi wa gesi wa kilo sita. Aliufurahia, akautumia kwa chai ya asubuhi na kwa wageni. Ulipoisha, kuujaza kulihitaji fedha taslimu kwa mkupuo, pamoja na nauli ya kwenda na kurudi Bariadi mjini, wakati kuni zinapatikana kidogokidogo kila siku kwa jasho tu. Mtungi ukahamia kwenye kona, ukafunikwa kitambaa, na leo mnasimama juu yake kopo la chumvi. Gharama ya mwanzo tuliibeba pamoja, yeye na mimi. Gharama inayojirudia, ile inayobaki baada ya hotuba na picha, iliangukia mahali palepale pa siku zote, juu ya mkono uleule wenye kovu.

Kuna namna ya kuitawanya. Gesi inaweza kuuzwa kwa kipimo kidogokidogo kama mafuta ya taa yalivyouzwa kwa kibaba. Vituo vya kujazia vinaweza kusogezwa hadi kwenye kata badala ya kuishia mjini. Malipo ya mtungi yanaweza kufungamanishwa na msimu wa mauzo ya pamba, mwezi ambao mkulima ana fedha. Haya si mageni, na baadhi yake yanajaribiwa mahali mbalimbali. Ninachodai ni kwamba yaandikwe kwenye mpango tangu mwanzo kama sehemu ya jiko lenyewe, kwa hesabu na kwa jina la atakayewajibika, kama vile daivata isivyochorwa baada ya mtambo kukamilika.

Kwa wanafunzi wangu, na hasa yule wa mstari wa nyuma: jibu la swali lako ni kwamba joto hupitia mahali tulipoliandalia, na tusipoliandalia hujitafutia. Ukipenda kulisomea, dunia inawahitaji watu wa kulifanyia kazi tatizo hilo, maana halijaisha, na vinu vya kibiashara vitakavyofuata baada ya ITER vitatoa joto mara kadhaa ya lile la ITER. Kwa watumishi wa umma mnaosoma ukurasa huu: rasimu itakapofika mezani kwenu wiki hii, itafuteni sehemu inayosema gharama itakayobaki itatua kwa nani, na msipoiona irudisheni. Kwa wanaharakati: mnapodai moto uwashwe, daini na dohani.

Mwezi uliopita nilikuwa Ngulyati. Kijumba cha jikoni sasa kimeezekwa kwa bati, na mama, ambaye umri umempunguzia mwendo, amerudi kwenye mafiga matatu kwa sababu jiko langu la pili lilibomoka na mimi, mhadhiri, sikupata nafasi ya kulijenga upya. Nilimsimulia kuhusu Cadarache, kuhusu hekta ya jua iliyokusanywa juu ya mkeka. Alisikiliza huku akisukuma kuni.

"Na hilo bamba," akaniuliza, "wanalibadilisha baada ya muda gani?"

Nikamwambia lina ratiba yake.

Akatikisa kichwa, akasogea kidogo kuukwepa moshi, akaniambia nimletee maji.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kuchimba udongo wa kichuguu.